Televisheni Iliyozibwa Mdomo

Bi Zlatka alifungua mlango kabla Inspekta Snezhina Kehayova hajabisha mara ya pili. Mikono yake ilikuwa na unga mpaka kwenye viwiko, na macho yalikuwa mekundu.

"Umekuja kumchukua?"

"Kumchukua nani?"

"Mume wangu. Asen. Kule duka la mikate wanasema kesho mnamfungulia kesi."

"Wangekuwa wanaijua kazi yangu kiasi hicho ningewaajiri," alisema Snezhina huku akipangusa buti kwenye zulia la mlangoni. "Nimekuja kwa baba yako. Yupo?"

"Atakuwa wapi tena? Amekaa mbele ya televisheni tangu mchana, kama bwana harusi anayesubiri kupigwa picha."

Kesi yenyewe ilikuwa fupi kueleza. Mzee Manol Uzunov, fundi wa gaida, ile zumari ya mfuko, anayejulikana milima yote ya Rodopi, alikuwa ameibiwa gaidunitsa, yaani ile filimbi ya vidole inayochomekwa kwenye mfuko wa ngozi ya mbuzi ili mfuko upate ulimi wa kusemea. Hii ndiyo filimbi aliyoichonga mwisho, macho yake yakiwa yanafifia, na tangu ilipokamilika haikuwahi kutoka nje ya nyumba yake ya Ustovo, mtaa wa Smolyan. Ilikaa ndani ya sanduku la mti wa mjozi, chini ya kitanda. Siku moja mzee alipapasa sandukuni akakuta kitambaa kitupu. Mlango haukuvunjwa na dirisha halikuguswa. Jioni ile ile akamfukuza mkwe wake Asen mbele ya majirani, akamwita mwizi kwa sauti iliyofika mpaka mtoni.

Na dhidi ya Asen mambo yalikuwa mengi. Aliishi nyumba hiyo hiyo. Alijua sanduku liko wapi. Aligombana na mzee kuhusu filimbi hiyo hiyo, akitaka ipelekwe makumbusho watu waione. Alipoulizwa alikuwa wapi siku ile, akasema msituni, akitafuta uyoga, peke yake. Kapteni Drumev, mkuu wa Snezhina, hakuona kinachosubiriwa. Alitaka jalada liwe mezani kwake Jumatatu asubuhi, na leo ilikuwa Jumapili.

Snezhina alimfuata Zlatka sebuleni. Mzee Manol alikuwa kwenye kiti chake, shati jeupe limepigwa pasi, kizibao cha sufu nyeusi kimefungwa vifungo vyote. Mbele yake televisheni iliwaka. Mtangazaji wa kike alikuwa anachezesha midomo na kutabasamu, na chumba kizima hakikuwa na sauti hata ya kunong'ona. Kipofu alikuwa amekaa wima mbele ya picha isiyosema.

"Viatu vya polisi," alisema mzee bila kugeuza kichwa.

"Ni mimi, mzee wangu. Inspekta Kehayova."

"Mjukuu wa Kehaya mchunga kondoo. Babu yako alioa kwa gaida yangu, akacheza mpaka soli ya kiatu ikabanduka. Kaa. Na ukija kuniambia bado mnachunguza, usikae."

Snezhina akakaa. "Mbona umevaa kisherehe, na televisheni imenyamaza?"

"Nimevaa kwa sababu leo ni fainali. Wapigaji gaida wa nchi nzima wako Plovdiv, wanarushwa moja kwa moja. Mwanafunzi wangu Vihren yumo. Nimemfundisha tangu vidole vyake havijafika tundu la chini." Alinyoosha mgongo zaidi. "Na imenyamaza kwa sababu yule mwizi hakutosheka na filimbi. Ameninyang'anya na masikio."

"Asen?"

"Nani mwingine? Hiyo spika ndefu hapo chini aliileta yeye. Waya alifunga yeye. Anayejua kuihuisha ndiye anayejua kuiua."

"Baba!" Zlatka alikuwa mlangoni, amekunja mikono yenye unga. "Asen hajakanyaga humu ndani tangu umfukuze."

"Alikuja kuchukua nguo."

"Nilimpa mlangoni. Mimi mwenyewe. Hata maji hakuomba."

"Lini hiyo?" aliuliza Snezhina.

"Jumatatu."

"Na sauti ilipotea lini?"

Mzee ndiye aliyejibu, kwa kusitasita kidogo. "Alhamisi. Asubuhi nilisikiliza taarifa ya habari. Jioni, kimya."

Snezhina alivua koti, akalitundika nyuma ya kiti.

"Fundi amesema atakuja kesho," aliongeza Zlatka. "Nikataka kumwekea fainali kwenye simu yangu. Unajua alinijibu nini?"

"Gaida ya kaba, hii yetu yenye sauti nzito, kwenye simu ni mbu ndani ya chupa," alisema mzee. "Sauti yote ya chini inamwagika. Unabaki na kelele."

"Na kwa jirani je? Pale kwa akina Stoyu wana televisheni kama mlango wa ghala."

"Manol Uzunov haendi kuomba sauti kwa jirani."

Zlatka akamtazama Inspekta. "Umesikia? Ndiyo nyumba yetu hii. Kichwa juu, hata paa likituangukia."

Snezhina alipiga magoti mbele ya kabati la televisheni. Alianza na yale ambayo kila mtu huanza nayo. Alichukua rimoti, akabonyeza kitufe cha kuziba sauti, akakibonyeza tena. Kimya. Akapandisha sauti. Kwenye kioo hakikutokea kile kipimo cha kawaida, ila maandishi madogo kwamba sauti inapelekwa kwenye spika ya nje. Kwa hiyo televisheni yenyewe ilikuwa imeamriwa isitumie mdomo wake. Akaitazama spika ndefu. Taa ilikuwa inawaka. Akapandisha sauti ya spika nayo. Kimya vile vile.

"Imekufa," alisema Zlatka.

"Tutaiuliza kwanza."

Alitoa simu yake, akaiunganisha na spika bila waya, akagusa wimbo wa kwanza uliomjia. Chumba kikalipuka kwa ngoma na tarumbeta. Mzee alirusha mikono juu.

"Zima takataka hiyo!"

Snezhina akazima, uso wake umechangamka. "Spika ni nzima, mzee. Televisheni nayo inajua kabisa kwamba kuna spika nje. Wawili hawa wote wazima, ila hawasikilizani. Kilichoharibika ni njia iliyo katikati."

"Waya nimeupapasa mwenyewe. Umekaa. Hauchezi."

"Umeujuaje kuwa ndio wenyewe, na nyuma kuna nyaya chungu nzima?"

Mzee akasema kwa shingo upande, "Una fundo la uzi. Asen alilifunga."

Snezhina alivaa glavu, akasogeza kabati taratibu, akamulika nyuma kwa tochi. Waya wenye fundo ulikuwa umezama vizuri kwenye tundu lake. Lakini pembeni ya tundu lingine, la juu yake, kulikuwa na tone la gundi lililokauka, la mviringo, kama chunusi. Alipiga picha. Akapiga nyingine kwa karibu. Hakugusa kitu.

"Bi Zlatka, mpigie mumeo. Weka sauti ya juu, simu ikae mezani."

"Humu ndani?" Mzee Manol alishika mikono ya kiti. "Sauti ya mtu yule humu ndani mwangu?"

"Ni mahojiano ya polisi, mzee. Nyumba ni yako, mahojiano ni yangu."

Simu ikaita kwa muda. Asen alipopokea, alikuwa anahema; tangu afukuzwe alikuwa analala kwenye karakana ya kaka yake, na nyuma yake msumeno ulisikika ukizimwa.

"Zlatka? Kuna nini?"

"Ni Inspekta Kehayova. Bwana Asen, televisheni ya mkweo haitoi sauti kwenye spika."

Kicheko kikavu kikajibu.

"Mmenivua nguo mbele ya mtaa mzima, sasa mnataka niwatengenezee televisheni? Mwiteni mtu mwaminifu."

"Sikuombi hisani. Nauliza maswali. Unaweza kujibu hapa au kituoni."

"Uliza."

"Waya wa spika uliuchomeka tundu gani?"

"Lenye maandishi ARC. Matundu mengine yanapokea tu, king'amuzi na vifaa vingine. Hilo peke yake ndilo linalorudisha sauti kutoka kwenye televisheni kwenda kwenye spika. Ukikosea tundu, picha unaipata, sauti huipati."

"Na mzee angelijuaje, kama ungechomoka?"

"Niliweka tone la gundi pembeni. Akipapasa analikuta. Waya una fundo, tundu lina gundi, fundo linaenda kwa gundi. Nilimweleza." Sauti yake ilishuka. "Nilitaka asiwe anasubiri mtu."

Zlatka aligeukia dirishani.

"Basi sikiliza," alisema Snezhina. "Fundo liko tundu la chini. Gundi iko peke yake."

"Haiwezekani. Ule waya unabana, mimi mwenyewe nilitumia nguvu kuuingiza."

"Hauwezi kuchomoka wenyewe?"

"Kuchomoka labda. Kuchomoka na kujiingiza tundu lingine? Waya hauna miguu, Inspekta."

"Hicho ndicho nilichotaka kusikia." Alishika kichwa cha waya kwa ncha za vidole, akauchomoa, akausukuma kwenye tundu lenye gundi mpaka ukagota. Wote wakatega masikio. Mtangazaji aliendelea kuchezesha midomo bila sauti.

"Bado," alisema.

"Bado?" Asen sasa alisahau hasira, fundi aliyekuwa ndani yake alikuwa ameamka. "Nenda kwenye mipangilio. Sauti. Halafu pale penye njia ya kutolea sauti. Pameandikwa nini?"

"Waya wa mwanga."

"Waya wa mwanga? Spika ile hatujaifunga kwa waya wa mwanga hata siku moja! Weka HDMI, ndio huo wenye fundo."

Aliweka. Kimya.

"Kuna sehemu nyingine, ya vifaa kuongozana, rimoti moja iamrishe vyote viwili. Nilikuwa nimeiwasha. Iangalie."

Snezhina alishuka kwenye orodha, akarudi juu, akashuka tena. "Imezimwa."

"Sijaizima mimi."

"Najua," alisema Snezhina.

Neno hilo lilianguka katikati ya chumba. Zlatka aligeuka kutoka dirishani.

"Iwashe," alisema Asen hatimaye, sauti imekauka. "Halafu zima vyote viwili, chomoa plagi ukutani, uviache vipumzike kidogo. Ukivirudishia vitatafutana upya."

Snezhina alifanya hivyo. Kioo kikawa cheusi. Akasimama, magoti yakalia, akabaki ameshika plagi mbili mkononi bila kuzirudisha ukutani.

"Mzee Manol, mtu mwenye kisasi akitaka kukuumiza, ana mkasi. Anakata waya, anaondoka. Au anamwaga maji. Huyu hakuharibu hata kitu kimoja. Amehamisha waya, amebadilisha njia, amezima kuongozana. Amefunga milango mitatu na kuacha nyumba inaonekana vile vile. Hakutaka televisheni ife. Alitaka inyamaze mpaka fundi aje."

"Na fundi ni kesho," alisema Zlatka taratibu.

"Kuna nini cha kusikiliza kabla ya kesho?" aliuliza Snezhina.

Zlatka akalitazama shati la baba yake lililopigwa pasi.

"Alhamisi nani aliingia humu?" aliendelea Snezhina.

"Mimi," alisema Zlatka. "Muuza maziwa, akaishia mlangoni. Na Vihren, alikuja kumuaga baba kabla ya kwenda Plovdiv."

"Mlikuwa pamoja muda wote?"

"Nilitoka kidogo kumtafutia jibini ya safari."

"Na wewe, mzee, ulikuwa hapo kwenye kiti?"

"Nilikuwa hapa. Tuliongea. Kijana ana adabu zake, hata vumbi la nyuma ya televisheni alinipangusia. Alisema buibui wamejenga." Mzee alikatiza maneno ghafla. Halafu akaongeza kwa ukali, "Na nini cha ajabu hapo?"

"Hakuna. Kwani mzee huna redio?"

"Ninayo. Ilikuwa inakwaruza. Ameichukua akaitengeneze."

"Nani ameichukua?"

Mkono wa kulia wa Mzee Manol, wenye vidole vipana vilivyokakamaa kwa patasi, ulikuwa unapapasa kifungo cha kizibao.

"Vihren ndiye aliyeichukua," alisema Zlatka. "Alhamisi hiyo hiyo."

"Aliwahi kukuomba ile filimbi?" Snezhina alimuuliza mzee.

"Usimtaje Vihren!" Mzee aliinuka. Alikuwa mrefu kuliko alivyoonekana akiwa amekaa. "Unajua Vihren ni nani? Ni mikono yangu. Mimi nilipopofuka nilisema basi, imekwisha, kisha akaja yule nikasikia naishi tena. Anaingia humu bila kubisha. Anakula mezani kwangu."

"Aliiomba?"

Mzee akashusha sauti. "Mwaka jana. Na mwaka huu tena. Nikamwambia ile haitoki, acha nife kwanza."

"Basi tusimtaje mtu," alisema Snezhina kwa upole. "Tuitaje filimbi. Nikikusikilizisha filimbi ishirini, utaitambua yako?"

"Swali gani hilo? Wewe mwanao akilia kwenye kundi la watoto humtambui?"

"Mahakama haitanielewa nikisema hivyo. Nipe kitu ninachoweza kukisikia mimi. Sasa hivi, kabla sijawasha. Bi Zlatka atakuwa shahidi, na Bwana Asen kwenye simu."

Mzee Manol alikaa tena. Aliinua mikono yake mbele ya kifua, vidole vikashika filimbi ambayo haikuwepo.

"Juu hapa kuna kitundu kidogo kuliko vyote. Sisi tunakiita tundu la kiroboto. Ukikiinulia kidole, sauti zote zinapanda kidogo. Kwenye filimbi nyingine zinapanda safi. Kwenye yangu, nilipokitoboa nilikuwa nimeshaanza kuona ukungu, msumari wa moto ukateleza upana wa unywele. Kwa hiyo ikipanda inatetemeka kwanza. Mara moja tu, kama mtu anayezuia kicheko. Nilitaka kuitupa. Halafu nikaipiga, nikasema hapana. Hii ni nzuri kuliko zote nilizotengeneza nikiwa na macho." Akashusha mikono. "Hakuna nyingine duniani. Aliyenayo anayo yangu."

"Mmemsikia?" aliuliza Snezhina.

"Tumemsikia," alisema Zlatka.

"Nimemsikia," alisema Asen kutoka mezani.

Snezhina alichomeka plagi. Taa ya spika ikapepesa, ikazima, ikapepesa tena. Kioo kikawaka. Kwa kitambo kidogo hakukuwa na kitu, na Zlatka akaziba mdomo kwa mkono wenye unga. Halafu sauti ya mwanamke ikajaa chumba, nene, ya karibu, kana kwamba amekaa kwenye zulia:

"...na sasa, kutoka Smolyan, anayefuatiliwa na kila jicho jioni hii..."

"Inafanya kazi?" Asen alipiga kelele. "Inspekta, inafanya kazi?"

"Kama mpya," alisema Snezhina, na hakuficha kujivuna.

Vihren aliingia jukwaani. Kijana wa miaka kama thelathini, mabega mapana, ndevu zimechongwa vizuri. Mfuko wa ngozi ulikuwa chini ya kwapa lake. Snezhina alimtazama Mzee Manol, si kioo.

Bomba la kuvumia lilianza kwanza, sauti nzito ya chini iliyofanya glasi kabatini zigongane. Ndipo filimbi ikaingia. Mzee Manol alifungua mdomo kidogo. Wimbo ulipanda taratibu, mlima baada ya mlima, ukafika pale unapotakiwa kupinda. Na pale pale, kabla haujapinda, ukatetemeka. Mara moja. Mtu anayezuia kicheko.

Zlatka alishika bega la baba yake. Snezhina tayari alikuwa amepiga simu yake, ameelekea koridoni, anaongea chini chini na mwenzake wa polisi Plovdiv: jina, jukwaa, filimbi ya mti mweusi, isiguswe kwa mkono mtupu.

"Nani unampigia?" aliuliza mzee.

"Wenzangu wa Plovdiv. Wako zamu mlangoni pa ukumbi leo. Wanaweza kupanda sasa hivi."

"Waambie wasubiri."

"Mzee, ndiyo filimbi yako?"

"Ndiyo yangu. Waambie wasubiri nimesema. Amalize." Kidevu chake kilikuwa juu, na machozi yalishuka pande zote mbili za pua bila yeye kuyajali. "Sikiliza anavyoibeba. Sikiliza hapo! Mimi sikuwahi kuipitisha hapo. Mbwa yule. Mbwa mwana wa mbwa, anapiga vizuri kuliko mimi."

Wakamwacha amalize. Ukumbi wa Plovdiv ulisimama, na makofi yakatoka kwenye spika ndefu kama mvua ya mawe juu ya bati. Mtangazaji alimkaribia Vihren na kipaza sauti.

"Kila mtu hapa anauliza kitu kimoja. Filimbi hii imetoka wapi?"

Vihren aliifunika filimbi kwa kiganja. Alitazama sakafu, kisha kamera.

"Nimeichonga mwenyewe," alisema.

Mzee Manol alijifuta uso kwa mkono wa shati, upande mmoja, halafu wa pili.

"Inspekta," alisema. "Hapo sasa. Waambie wapande."

Snezhina akasema maneno mawili kwenye simu. Kioo kilikuwa kimeshahamia kwa mpigaji mwingine, mwanamke wa Shumen mwenye maua kichwani. Mzee hakumsikiliza. Aligeuza uso upande wa meza.

"Asen. Bado upo?"

"Nipo."

"Nilikuita mwizi mbele ya watu."

"Uliniita."

"Kesho duka la mikate likifungua, nitakwenda na fimbo yangu na shati hili. Nitasimama pale kwenye foleni na kusema nilikosea, nitasema kwa sauti ile ile, na asiyesikia nitamrudia. Manol Uzunov hafanyi kitu chumbani ambacho amekiharibu barabarani."

Upande wa pili kulisikika mtu akivuta kamasi. "Sawa, baba."

"Na leo njoo ule. Zlatka ametengeneza patatnik ya kulisha jeshi, halafu analia juu yake, itakuwa na chumvi."

"Baba!" Zlatka alicheka na kulia kwa pamoja, akakimbilia jikoni kuinusuru chapati ya viazi iliyokuwa imeanza kutoa harufu ya kuungua.

Snezhina alirudisha kabati mahali pake. Kapteni Drumev alipigiwa na kuelezwa kwa ufupi. Aliuliza kama ana uhakika, akajibiwa kwamba mashahidi watatu walielezwa jinsi filimbi itakavyolia kabla haijalia, na kwamba waya uliohamishwa nyuma ya televisheni umepigwa picha kabla ya kurudishwa mahali pake. "Kazi nzuri, Kehayova," alisema Kapteni, neno ambalo hakuwa na mazoea nalo. Snezhina alilipokea bila kulipunguza. Aliona kabisa kwamba ni kazi nzuri.

Alikuwa amevaa koti tayari simu ilipoita tena. Ni yule mwenzake wa Plovdiv.

"Tunaye. Hakukimbia. Alikuwa amekaa chumba cha kubadilishia nguo, filimbi ameiweka kwenye kitambaa juu ya magoti. Alipotuona akatukabidhi. Amekiri yote, na redio iko kwenye gari lake. Lakini hasogei. Anasema hatoki hapa mpaka ajibiwe swali moja."

"Swali gani?"

"Anauliza kama bwana mkubwa alisikia."

Snezhina aliweka simu kwenye sauti ya juu, akaisogeza karibu na kiti. "Mzee, Vihren anauliza kama ulimsikia akipiga."

Mzee Manol alifungua kifungo cha juu cha kizibao.

"Mwambieni nilisikia kila kitu," alisema. "Mwambieni ile sauti ya mwisho aliikata mapema."